Kupima joto linalotoka ardhini: mwongozo kwa matundu ya mvuke na chemchemi za maji moto

Chemchemi ya maji moto ikitajwa hapa kanda ya kati, swali la kwanza huwa ni lile lile: maji yake yana nyuzi ngapi? Jibu lake ni la lazima, ila peke yake halisemi ardhi inatoa joto kiasi gani. Sufuria ya chai inayochemka ina nyuzi nyingi kuliko Bwawa la Hombolo, lakini hakuna atakayesema sufuria imebeba joto zaidi ya bwawa zima. Anayetaka kujua chemchemi au tundu la mvuke linatoa nini, apime vitu viwili kwa pamoja: kilo ngapi za maji au mvuke zinatoka kila sekunde, na kila kilo imebeba kilojouli ngapi. Ukizidisha unapata kilowati. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata namba hiyo kwa vifaa ambavyo vingi vinapatikana sokoni Dodoma, na namna ya kutojidanganya nayo.

Tuweke kwanza mambo ya mahali sawa. Kanda ya kati haina matundu makubwa ya mvuke. Tulichonacho ni chemchemi za maji ya uvuguvugu na ya moto zilizojipanga kwenye mipasuko ya miamba ya Bonde la Ufa, zikiwemo Gonga, Takwa, Mponde na Hika. Matundu ya mvuke yapo kaskazini: ndani ya kreta ya Reusch kileleni Kibo, na Ol Doinyo Lengai, na ukivuka mpaka kuna Olkaria, Menengai na Eburru nchini Kenya, ambako wakazi hupooza mvuke wa ardhini wapate maji ya kunywa. Hata hivyo wanaojifunza kazi hii wengi wapo hapa: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini makao yake makuu ni Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Madini vipo hapa hapa. Kwa hiyo nitaanza na mvuke, kisha nije kwenye maji, ambayo ndiyo utakayoyakuta ukitoka nje ya mji huu.

Kabla ya kifaa chochote

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kwanza. Chemchemi nyingi hizi zina wenyewe: kuna wanaonywesha mifugo, kuna wanaooga kutibu maungo, na kuna mahali ambapo wazee hufanya matambiko. Ukifika na ndoo na bati bila kuaga, umeanza vibaya, na utakosa maarifa ambayo mzee wa pale anayo bure: chemchemi ilipungua lini, ilihama wapi, kiangazi hufanyaje. Kama unapima kwa utafiti rasmi, kibali kinahitajika. Na kama utajenga kizuizi chochote kwenye mkondo, bodi ya maji ya bonde husika ijulishwe.

Usalama wa matundu ya mvuke nautilia mkazo kuliko hesabu zote zinazofuata. Ardhi inayotoa mvuke mara nyingi ni ganda jembamba juu ya tope linalochemka. Tangulia na mti mrefu, gonga kila unapotaka kukanyaga, na usitembee peke yako. Vaa buti na suruali nzito. Gesi ya haidrojeni salfaidi inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kuinusa. Harufu ikikatika ghafla usidhani gesi imeisha. Kaboni daioksaidi haina harufu kabisa na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni asubuhi isiyo na upepo. Ukiona wadudu au ndege waliokufa kwenye kishimo, usiiname pale. Kipima gesi cha kuvaa kifuani ndicho kifaa pekee kwenye mwongozo huu ambacho sikuambii ukitengeneze mwenyewe.

Jaribu kipimajoto chako jikoni

Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 na kidogo za Selsiasi, siyo 100. Chemsha maji sufuriani na utumbukize kipimajoto bila kugusa kitako. Kikisoma 100, kina kosa la nyuzi karibu nne, na huo ndio mtihani rahisi kuliko yote. Upande wa pili, changanya barafu iliyopondwa na maji, koroga, subiri: kinapaswa kusoma sifuri. Andika makosa yote mawili kwenye karatasi na uibandike kwenye kifaa. Kumbuka pia kwamba ukipanda kwenda Eburru kiwango cha kuchemka kinashuka zaidi, kwa hiyo tundu lenye nyuzi 92 kule linaweza kuwa linatoa mvuke kamili.

Vifaa vingine: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, mizani ya kielektroniki inayobeba kilo 15 au zaidi na kusoma gramu 5 au 10, saa ya simu, mpira unaostahimili mvuke (mpira wa bustani hulainika na kujikunja), blanketi kuukuu la kuufunga mpira na ndoo, na faneli kubwa ya bati ambayo fundi bati atakukatia: mdomo wa chini nusu mita, juu shingo ya kuingiza mpira.

Njia ya ndoo: kwa tundu dogo

Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu inapima mvuke na joto lake kwa mkupuo mmoja. Fanya mazoezi nyumbani kwanza kwa birika la kawaida lenye mpira kwenye mdomo wake, mfuniko ukiwa umekaa tu bila kukazwa. Usitumie chombo kilichofungwa kabisa, mpira ukiziba kitalipuka.

Weka maji baridi ndooni, pima uzito, koroga, pima halijoto. Funika tundu kwa faneli na uzibe kingo zake kwa udongo mbichi. Acha mvuke utoke nje ya mpira dakika kadhaa mpaka mpira wenyewe upate moto. Kisha tumbukiza ncha ya mpira ndooni na uanze saa. Ukimaliza, toa mpira majini kwanza ndipo usimamishe mambo mengine, maana mvuke ukikatika mpira ukiwa ndani, maji hunyonywa kurudi tunduni. Koroga, pima halijoto, pima uzito tena.

Chukua mfano. Ulianza na kilo 10.0 za maji yenye nyuzi 24. Baada ya sekunde 40 una kilo 10.4 zenye nyuzi 47.5. Mvuke ulioingia ni kilo 0.4, yaani kilo 0.010 kwa sekunde. Joto la mwisho ni 10.4 × 4.18 × 47.5, sawa na kilojouli 2,065 (4.18 ni kilojouli zinazopasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja). Joto la mwanzo ni 10.0 × 4.18 × 24, sawa na 1,003. Tofauti ni 1,062. Igawe kwa 0.4 upate kilojouli 2,654 kwa kila kilo. Jedwali la mvuke linasema mvuke mkavu wa nyuzi 96 una takriban 2,670. Umekaribia sana, kwa hiyo mvuke wako ni mkavu na mpira haukupoteza joto jingi. Ukipunguza kilojouli 96, ambazo ni joto la kilo moja ya maji ya nyuzi 23 (kianzio nitakachokieleza kwenye chemchemi), unabaki na 2,558. Zidisha kwa 0.010, tundu linatoa kilowati 25.6.

Sasa tuseme halijoto ya mwisho ilikuwa 44 badala ya 47.5. Hesabu ile ile inatoa 2,274 kwa kilo. Hapo karibu sehemu moja kwa sita ya ulichokipokea haikuwa mvuke, yalikuwa matone ya maji, ama mvuke uliogeuka maji njiani kwa kupoteza joto lake kwenye mpira. Kabla hujaandika kwamba tundu linatoa mvuke mbichi, funga blanketi vizuri, fupisha mpira, rudia. Nimeona ripoti zikilaumu ardhi kwa kosa la mpira.

Mambo matatu yanaharibu njia hii mara kwa mara. La kwanza ni kuzamisha mpira mno. Kila sentimita 10 za maji zinaongeza shinikizo la karibu kilopaskali 1, na hilo linatosha kuufanya mvuke utafute ufa mwingine pembeni. Sentimita tano zinatosha. La pili ni mpira kulegea katikati: maji hutuama pale na kuziba, kwa hiyo uteremke moja kwa moja kuelekea ndooni. La tatu ni mizani. Kosa la nusu nyuzi kwenye mfano wetu linaleta kosa la asilimia 2 tu kwenye joto la kila kilo. Kosa la gramu 20 kwenye mizani linaleta asilimia 5 kwenye kiasi cha mvuke. Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja bora, nunua mizani.

Rudia kipimo angalau mara tano kwa kila tundu. Vipimo visipokaribiana, kuna uvujaji kwenye kingo za faneli.

Tundu kubwa: pima mwendo

Tundu linalovuma haliingii ndooni. Hapo hutumika bomba la Pitot, yaani bomba jembamba lenye tundu moja linaloelekea mvuke na jingine la pembeni, na tofauti ya shinikizo kati yake ndiyo inayotoa mwendo. Mwendo, kwa mita kwa sekunde, ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya shinikizo (kwa paskali) kugawanya kwa uzito wa mvuke (kwa kilo) kwa mita ya ujazo. Kwa mwinuko wa Dodoma mita moja ya ujazo ya mvuke ni takriban kilo 0.53.

Ukisoma paskali 30 kwenye tundu la upana wa sentimita 10, mwendo ni mita 10.6 kwa sekunde; mvuke ni kilo 0.044 kwa sekunde, na joto linakaribia kilowati 114. Tatizo ni kwamba paskali 30 ni milimita 3 tu za maji, na jicho halisomi hivyo kwa uhakika. Chukua mpira angavu ambao mafundi ujenzi husawazishia misingi, uulaze kwenye ubao wenye mteremko wa moja kwa kumi. Milimita 3 zinakuwa 30. Pima sehemu kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo na uchukue wastani, maana katikati mvuke hukimbia zaidi na ukipima hapo tu utazidisha. Kama gesi nyingine ni nyingi ndani ya mvuke, uzito wa 0.53 haufai tena. Hapo inabidi sampuli ipelekwe maabara.

Ardhi inayofuka bila tundu

Eneo kubwa la jotoardhi kwa kawaida hupoteza joto jingi kupitia udongo wenyewe, pasipo tundu la kuonekana. Mwaka 1964 mtafiti Dawson, akifanya kazi kwenye eneo la jotoardhi la Wairakei, New Zealand, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: pima halijoto ya udongo kwa kina cha sentimita 15, uipandishe kipeo cha nne, zidisha kwa 5.2 na ugawanye kwa milioni moja. Unapata wati kwa mita ya mraba. Kanuni inafaa chini ya nyuzi 97. Udongo wa nyuzi 60 unatoa wati 67 kwa mita ya mraba.

Gawanya eneo kwa kamba katika miraba ya mita 5, choma tundu kwa nondo, ingiza kipimajoto, subiri kitulie. Halafu, tafadhali, usichukue wastani wa halijoto kwanza. Miraba miwili, mmoja nyuzi 30 na mwingine 90, wastani wake ni 60 na kanuni itakupa wati 67. Lakini ukikokotoa kila mmoja peke yake unapata wati 4 na 341, na wastani wa kweli ni 173. Umekosea zaidi ya mara mbili kwa sababu ya mpangilio tu wa hesabu. Kokotoa mraba mmoja mmoja, kisha jumlisha.

Na hapa jua letu linaingia. Wairakei ni nchi ya baridi. Dodoma udongo usio na joto lolote la chini unaweza kufika nyuzi 28 kwa kina hicho kwa kuchomwa na jua tu. Kanuni itakwambia wati 3.2 kwa mita ya mraba, na kwenye hekta moja hizo ni kilowati 32 ambazo hazipo. Kwa hiyo pima alfajiri kabla jua halijatoka, pima pia miraba kadhaa mbali kabisa na eneo yenye udongo na kivuli kama cha kwako, na utoe kiasi hicho. Mraba usiozidi ule wa mbali uandikwe sifuri.

Chemchemi: kazi utakayoifanya kweli Dodoma na Singida

Kwa chemchemi ndogo inayomwagika, ndoo na saa zinatosha. Kwa mkondo, fundi akukatie bati lenye mkato wa umbo la V wa nyuzi 90, kingo zake zikiwa kali. Lisimamishe kukatiza mkondo, ziba pande zote kwa udongo wa mfinyanzi, na uhakikishe maji yanaruka huru upande wa chini, yasigandamane na bati. Kina cha maji kipimwe kutoka ncha ya chini ya V, lakini usikipimie pale pale kwenye mkato ambapo uso wa maji umeshainama. Rudi nyuma umbali wa mara nne ya kina hicho. Kiasi cha maji, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni 1.38 mara kina (kwa mita) kipeo cha 2.5. Kina cha sentimita 5 ni lita 0.77 kwa sekunde. Sentimita 8 ni lita 2.5, sentimita 10 ni lita 4.36, sentimita 15 ni lita 12.

Kila lita kwa sekunde hubeba kilowati 4.18 kwa kila nyuzi iliyozidi kianzio. Kianzio ni nini? Wengine huweka sifuri, na namba zao huvimba. Mimi natumia wastani wa mwaka wa hewa ya mahali, ambao kwa Dodoma ni karibu nyuzi 23, kwa kuwa maji ya kisima kifupi cha kawaida hukaribia hapo. Chochote utakachochagua, kiandike. Maji ya nyuzi 42 yenye lita 4.36: 4.36 × 4.18 × 19, ni kilowati 346. Halijoto ipimwe kwenye jicho la chemchemi, siyo kwenye bati.

Kama jicho limefunikwa na dimbwi kubwa, joto jingi limeshapotea hewani kabla hujalipata. Kuna njia nzuri ya kulikadiria: jaza sufuria pana maji ya dimbwi lenyewe, ielee juu ya dimbwi ili ibaki na halijoto ile ile, na uipime uzito kabla na baada ya nusu saa. Sufuria ya mita ya mraba 0.10 ikipoteza gramu 120, umepoteza kilojouli 288 ndani ya sekunde 1,800, yaani kilowati 1.6 kwa kila mita ya mraba, kwa uvukizi peke yake. Kwa pepo za Dodoma za Juni hadi Septemba kiasi hicho hupanda sana, kwa hiyo andika upepo ulivyokuwa.

Viputo visikubabaishe. Gesi ya chemchemi za kanda hii ina naitrojeni nyingi pamoja na heliamu, na hiyo inawavutia watafutaji wa heliamu kwa haki kabisa, lakini joto linalobebwa na viputo ni dogo mno kuingia kwenye hesabu. Wala visikufanye useme maji yanachemka.

Maji moto yanapoingilia mtoni chini kwa chini, kloridi, yaani sehemu ya chumvi iliyoyeyuka majini, husaidia. Ellis na Wilson walipima joto la Wairakei hivyo mwaka 1955. Pima kloridi juu ya eneo, chini ya eneo, na ndani ya chemchemi. Tuseme juu ni miligramu 20 kwa lita, chini 45, chemchemi 600, na mto chini una lita 50 kwa sekunde. Maji moto ni 50 × (45 − 20) ÷ (600 − 20), sawa na lita 2.16 kwa sekunde. Yakiwa ya nyuzi 45 ni karibu kilowati 200. Ifanye kiangazi tu, na usiitumie kabisa kwenye mbuga za Bahi, kwa kuwa udongo wa kule una chumvi yake na kloridi haitakuwa ushahidi wa chochote.

Kuandika matokeo

Namba moja tupu haifai. Kwenye mfano wa kilowati 346, kosa la milimita 2 kwenye kina cha sentimita 10 huleta asilimia 5, kwa sababu ya kile kipeo cha 2.5, na kosa la nyuzi moja kwenye kianzio huleta asilimia 5 nyingine. Kwa pamoja ni kama asilimia 7, basi andika kilowati 320 hadi 370. Andika pia tarehe, saa, mwinuko, kianzio, upepo, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na alama ya GPS ya jicho la chemchemi. Pima mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, kisha tena baada ya masika. Tofauti ya vipimo hivyo itakuonyesha maji ya mvua yanachanganyika kiasi gani.

Kijijini utaulizwa kama huo ni umeme. Jibu kwa ukweli. Maji ya nyuzi 42 kwenye hewa ya nyuzi 23, hata mashine isiyo na upotevu wowote haiwezi kutoa zaidi ya asilimia 6, yaani kilowati 21, na mashine halisi hupata chini ya nusu yake. Chena, Alaska, huzalisha umeme kwa maji ya nyuzi 74 tangu 2006, lakini wana maji baridi sana ya kupoozea. Kilowati 346 zikitumika kama joto ni kitu kingine: kukausha mboga, kupasha bwawa la vifaranga vya samaki usiku wa Juni na Julai, bafu safi la wagonjwa wanaofika pale kila siku. Nakala ya vipimo iachwe ofisi ya kijiji, ikiwa imeandikwa kwa lugha ambayo mtendaji anaweza kuisoma mkutanoni.